Glasi ya Fundi Donati

Kalemie, Jumapili, baada ya misa ya pili

Donati, ndugu yangu,

Nimekaa kwenye benchi la gereji yako, upande wangu uleule wa mlangoni. Upande wako bado siwezi kuukalia. Mkeo Mama Regina amenifungulia bila kuuliza nimefuata nini, kisha akarudi jikoni kutwanga majani ya muhogo ya sombe yake. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike, na mimi ni mwalimu wa kemia ambaye hana tena mtu wa kubishana naye. Wenzangu shuleni nikiwaambia habari za haidrojeni wanasema ndiyo Prof, kweli Prof, wanaendelea kusahihisha madaftari. Sikujua kwamba kukubaliwa kunaweza kumchosha mtu hivi. Watoto wangu wako Lubumbashi, mama yao amewafuata tangu mjukuu azaliwe, na Jumapili ikifika miguu inanileta huku yenyewe.

Ubishi wetu ulianza na glasi. Kamiyo moja, lori la mzigo la kutoka Nyunzu, ilikohoa barabara nzima, ikazimika hapa mbele ya gereji. Ukachota mazutu, dizeli ya tangi lake, kwenye ile glasi yako nene, ukaiweka dirishani, ukaniambia tungoje. Baada ya muda maji yalijitenga yakalala chini, mazutu yakabaki juu. Mapipa ya mazutu hayo yalikuwa yamevuka ziwa kutoka Kigoma, na njiani mtu alikuwa ameongeza maji ili pipa lionekane limejaa. Ulinionyesha kwa kidole cheusi cha grisi.

"Uone, Prof. Adui yangu njo huyu."

Nami, kwa kutaka kujionyesha kidogo, nikakuambia kuna magari ambayo bomba lao la nyuma halitoi moshi, linatoa maji. Uliweka spana chini kwanza ndipo ucheke vizuri. Ulisema wewe umemaliza maisha ukifukuza maji kwenye injini, na rafiki yako anakuletea maji mengine.

Nilikueleza polepole, Jumapili baada ya Jumapili. Haidrojeni imo ndani ya maji. Ukipitisha umeme kwenye maji, inaachana na oksijeni. Unaikamata, unaishindilia kwenye mitungi imara, unaipakia kwenye kamiyo. Humo garini inakutana tena na oksijeni ya hewa, zinatoa umeme wa kuzungusha magurudumu, na kinachobaki ni maji matupu. Masizi hakuna. Nikakuambia sisi tuna ziwa mbele ya macho, tuna mito ya kuzungusha mitambo, tuna jua. Kwa nini tungojee mapipa ya ng'ambo? Ulizijua wiki zile boti haiji na kamiyo zote zinalala parkingi, na muhogo unaozea Kabalo.

Ila hukuwa mtu wa kukubali upesi. Ukaniuliza umeme huo utatoka wapi, wakati sisi tunamaliza siku mbili bila taa. Ukaniuliza mtungi wenye nguvu namna ile utafanya nini siku kamiyo itakapolala ubavu kwenye mashimo ya barabara ya Manono. Ukaniuliza kwa nini umeme usiingie betrini moja kwa moja, bila kuzungukazunguka. Nikakiri: kwa pikipiki na gari dogo betri inashinda, maana umeme mwingi unapotea ukiugeuza haidrojeni. Lakini kamiyo ya mzigo mzito na safari ndefu, betri yake ingekula nafasi ya mzigo, na kuichaji kungechukua masaa, wakati mitungi inajazwa haraka. Nikakiri pia kwamba haidrojeni nyingi ya leo ulimwenguni inatengenezwa kwa gesi ya ardhini, na hiyo si safi hata kidogo. Ukapiga makofi. Ulipenda sana nikikiri.

Na siku ya jaribio, Donati. Bado ninaona aibu nikiikumbuka. Mimi Prof mzima nilikuja na viini vya penseli, betri yako ya kamiyo, na maji niliyotia chumvi ya jikoni. Mapovu yakapanda, nikajivuna, halafu gereji nzima ikanuka Javeli, dawa ya kung'arisha nguo. Wewe ukatoka nje ukikohoa na kucheka, ukisema mafuta yangu yanafaa kufua mashuka. Ndiyo, chumvi ile inatoa klorini. Ninaifundisha kila mwaka, na nilisahau kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukushinda. Aliyeniokoa si kitabu. Ni wewe, uliyekumbuka maji ya majivu ambayo mama yako kule Kiambi alikuwa anatia kwenye maharagwe yaive haraka. Mama Regina akachuja majivu ya jiko lake, tukayatia. Mapovu yakapanda bila harufu yoyote. Nikakamata hewa ya upande mmoja kwenye mrija wa majaribio wa shule, nikausogezea kiberiti, ukalia pu.

Uliruka. Usikatae, uliruka. Halafu ukaupangusa ule mrija kwa ndani, ukatazama unyevu kwenye kidole chako kwa muda mrefu. Nikafikiri umekubali. Ukasema, "Hii haitanifikisha hata Nyunzu."

Sasa niseme kile nilichokuja kusema.

Kifua kilipokulaza hospitalini, nilikuja siku ya tatu. Ulikuwa unahema kwa shida, mto umepangwa mara mbili mgongoni. Ningeweza kukushika mkono. Ningeweza kukuletea habari za timu yako. Badala yake nikakuambia, "Unaona sasa, ndugu? Miaka yote ya moshi. Nilikuambia." Daktari hakusema ni moshi. Hakuna aliyesema ni moshi. Mimi ndiye niliyechukua kifua chako nikakifanya hoja, kama vile tuko bado kwenye benchi. Uligeuza uso ukutani. Nilikaa dakika chache nikitazama mgongo wako, nikaondoka, nikijiambia nitakuomba msamaha Jumapili. Ijumaa ukaenda.

Tangu siku ile sijafanya tena jaribio la maji darasani. Ninaandika ubaoni tu, wanafunzi wananakili, basi.

Wiki iliyopita madereva wa parkingi waliniita. Mazutu yalikuwa yamekauka tena, wamekaa bila kazi chini ya kamiyo zao, na mmoja akakumbuka kwamba Fundi Donati alikuwa na rafiki mwenye habari za mafuta ya maji. Wakataka niwaeleze. Nilijua jinsi ya kuwashinda, Donati. Ningetaja jina lako na kifua chako tu, wote wangeinamisha vichwa, kila mmoja ana kikohozi chake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikaona ule ukuta wa hospitali, nikayameza.

Nikawapa hoja zangu zote, kisha nikawapa zako: taa, mashimo, betri, gesi ya ardhini. Niliziweka vizuri kuliko zangu, nadhani. Dereva mmoja mzee akauliza swali ambalo ungeuliza wewe: hiyo gari ikiharibikia porini, nani ataitengeneza? Nikasema sijui. Nikasema ninaamini kamiyo kubwa za dunia zitafika huko kwenye haidrojeni, na kwamba mafuta yanayotengenezwa hapa na mikono ya hapa yana faida kuliko kungoja boti, lakini aliyeweza kujifunza kuitengeneza tumemzika, na itabidi wengine wajifunze. Hawakunipigia makofi. Walibaki wakibishana wao kwa wao, na mimi nikarudi nyumbani peke yangu, mara ya kwanza nikiwa na hamu ya kukusimulia kitu tangu ufe.

Habari kwamba niliwapa madereva hoja zako zote zikamfikia Mama Regina kabla sijamaliza wiki. Leo, kabla hajarudi jikoni, aliniwekea glasi yako hapa benchini, upande wako. Akaniambia amekuwa nayo miezi yote hii na hakutaka kunipa.

"Nilikukasirikia, Prof. Ile siku ulimusema mugonjwa." Akapangusa mikono kwenye kitenge chake. "Alikuachia neno. Alisema nikupe glasi. Siku ile gari yako itafika Kalemie, ukinge maji kwa bomba yake, na weye ukunywe wa kwanza. Alisema yeye hawezi kuamini kabla ya pale. Na alicheka, akakohoa, akacheka tena."

Basi ulicheka. Uligeukia ukutani, halafu baadaye ulicheka. Nimelia hapa kwenye benchi, ndugu yangu, mtu mzima mwenye mvi, na sombe ya mkeo inanukia kama kawaida.

Nisamehe. Ulishanisamehe, najua, lakini nilitaka kulisema neno hilo mwenyewe. Kesho nitamwomba Mama Regina majivu, nipeleke darasani, na nitawaambia wanafunzi nani aliyenifundisha kutumia majivu hayo. Na gari lile nitalingoja. Nikitangulia mimi kuja huko, glasi nitamwachia binti yako Regina, na agizo lako neno kwa neno.

Lala, Donati. Glasi nimeiosha kwa sabuni mara tatu na bado inanuka mazutu. Siioshi tena. Siku hiyo nitapiga magoti nyuma ya kamiyo, mbele ya watu wote wa parkingi, nitakinga maji yajae, nitakunywa yote. Yakinuka mazutu, sitalilaumu gari.

Rafiki yako wa upande wa mlangoni,
Prof