Wekesa Hakuvuta Sigara

Kayole, Nairobi

Mama yangu,

Naomba barua hii ikukute umeinuka, na goti limekuachilia ufike shambani. Sisi tunapumua. Kidonda cha shingoni kimekauka. Sikio la kushoto bado linavuma, ila nasikia. Sikupiga simu kwa sababu haya siwezi kuyasema huku nikikusikia ukiguna upande wa pili.

Ni habari za Wekesa. Huko nyumbani mlimzika mkiambiwa aliwasha sigara kiwandani. Nasikia mchungaji aliligusia kaburini, na mama yake akainamisha kichwa. Mama, Wekesa hakuvuta sigara. Aliyesema alivuta ni mimi.

Kiwanda chetu hapa Njiru kinasaga mahindi na soya kuwa chakula cha kuku. Vumbi lake hutanda juu ya mabomba na mbao za paa mpaka ukigusa, kidole kinazama. Likitimka hewani likakutana na cheche, hulipuka kama petroli. Sisi hatukujua. Mwenye kiwanda alijua, maana mwaka jana afisa wa serikali wa usalama kazini aliandika ziwekwe mashine za kufyonza vumbi, na chuma kisichomelewe kinu kikizunguka. Karatasi ikabaki ofisini. Afisa naye hakurudi kuangalia.

Siku ile, baada ya chakula cha mchana, bomba la unga lilipasuka. Msimamizi akamwita Wekesa, fundi wetu, alichomelee.

"Zima kwanza, bosi, tufagie," Wekesa akasema.

Msimamizi akajibu kwamba lori linangoja na ni kazi ya dakika tano. "Kama huwezi, wako watu getini."

Ni kweli, wako. Kila asubuhi tunawapita wakiomba kibarua. Wekesa akavaa miwani, akapanda ngazi.

Mlipuko wa kwanza ulikuwa mdogo, kama mlango uliobamizwa. Ulitikisa paa, vumbi lote la miaka likamwagika, na hilo ndilo lililowaka. Mimi nilirushwa nje kupitia mlango wa magunia. Wekesa alikuwa bado juu.

Siku ya tatu msimamizi alinijia hospitalini na maelezo yaliyokwisha kuandikwa: Wekesa alionekana na sigara. Akasema nikitia sahihi, kiwanda kitafunguliwa na sote tutarudi kazini. Nikamwangalia Nafula mke wangu, amesimama pale na mtoto mgongoni. Nikatia sahihi.

Mlipokwisha kumzika, afisa mwingine, mama mmoja mpole, alikuja mpaka kwangu Kayole. Aliyasoma maelezo yangu taratibu, kisha akauliza, "Hiyo sigara aliishika kwa mkono gani?"

Mkono wake mmoja ulikuwa na chuma cha kuchomelea, wa pili umeshika ngazi. Nikamweleza yote, akaandika upya, nikasaini tena.

Sasa kiwanda kimefungwa mpaka mashine za vumbi ziwekwe. Hakuna kuchomelea tena bila kibali, na lazima kisainiwe pia na wafanyakazi wawili tutakaowachagua wenyewe. Wakaguzi watakuwa wakija bila kutoa taarifa. Ni sheria nzuri, Mama. Nyingine zilikuwepo tangu zamani. Wenzangu wamekaa nyumbani bila kazi, na wengine wakiniona wanavuka barabara. Kesi ya msimamizi bado haijaitwa mahakamani. Mimi nimeshaambiwa nisirudi.

Nakuomba uende kwa mama yake Wekesa umsomee barua hii yote, hata pale niliposaini. Usipunguze neno. Akinilaani, mwache amalize. Kisha mwende pamoja kwa mchungaji. Lililosemwa mbele ya watu lisahihishwe mbele ya watu.

Nisalimie nyanya, baba mdogo anayekulimia, na dada yangu mkubwa aliyeolewa ng'ambo ya mto. Nafula anakusalimu sana.

Mjane wa Wekesa bado anakaa hapa ghorofa ya chini. Jana nilimwambia. Alimchukua mtoto wake aliyekuwa akicheza mlangoni kwetu, akafunga mlango.

Mimi mwanao,
Barasa