Seti Moja kwa Magari Mawili

Rafiki yangu Ramazani,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la garaje yangu hapa Kasongo, mahali ulipokaa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ukisubiri nimalize kulikagua gari lako. Siku hizi benchi ni tupu. Tangu tulipokuzika, wafanyabiashara wanaopeleka mizigo Salamabila wamehamia kwa mafundi wengine. Salamu ninazotuma kwa mke wako hazirudi. Siku ya matanga shemeji yako Amisi alinizuia mlangoni, akasema mbele ya watu: "Fundi, si ni weye uliandika gari iko muzuri?"

Ni kweli, niliandika, kwenye karatasi ambayo wenye mizigo huitaka kabla ya kupakia. Jumamosi ile nilimwaga oili ya zamani, nikabadilisha chujio, nikafungua magurudumu ya mbele. Plaketi za freni, zile pedi zinazobana gurudumu lisimame, zilikuwa nene. Jumatatu freni zikakuacha kwenye mteremko wa njia ya Lusangi, na gari lilipovutwa hadi mjini, plaketi zake zilikuwa zimelika hadi chuma. Kwa miezi minne nimejiuliza macho yangu yaliona nini. Nimenunua miwani. Mimi niliyewafundisha mafundi wengi wa mji huu, sasa namwomba mtu wa pili aangalie kazi yangu kabla gari halijatoka.

Jambo moja hukulijua. Kwa kuwa nimeanza kusahau, Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza, nilichora kwa tupa mistari mitatu mgongoni mwa kila plaketi yako, nijue nimeikagua.

Wiki iliyopita gurudumu la gari la Sefu, dereva mwenzako, lilikwama mbele ya lango langu. Hakuwa na jinsi; tukalisukuma hadi ndani. Nilifungua gurudumu, nikaiona mistari yangu mitatu mgongoni mwa plaketi.

Sefu alilia kabla sijamwuliza. "Mzee, mwaka muzima tulikuwa na seti moja tu ya muzuri kwa gari mbili. Mwenye anakuja kwako, ndiye anavaa."

Mwaka mzima, Ramazani! Mlifungua magurudumu uani kwako, mkalivisha gari kama mtu anayeazima koti la kwendea harusini, kisha ukaja kukaa hapa na kunitania: "Fundi, weye unachungulia gari sawa mama-mukwe anachungulia bibi-arusi!" Nami nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilicheka nawe.

Najua plaketi mpya hazipatikani hapa. Husubiriwa kutoka Bukavu majuma na majuma. Ungeniambia. Ningekufokea, ndiyo, hadi majirani watoke nje. Kisha ningelizuia gari na kukutafutia. Uliuogopa ukali wangu kuliko mteremko. Ulichukua sahihi yangu, ukawapakia watu kwa kuitegemea. Namshukuru Mungu kwamba siku ile ulikuwa peke yako.

Sefu ameniambia na jambo jingine. Asubuhi ya Jumatatu ni wewe uliyemwachia seti nzuri, kwa sababu yeye alikuwa na abiria wa Salamabila, nawe ulikuwa na magunia ya mpunga tu. Neno hilo sijui niliweke wapi. Kila nikitaka kukukasirikia sawasawa, linanisimamisha.

Sasa sikiliza. Ijumaa mke wako anatoka eda. Amisi amelinyoosha gari lako, anataka kumpeleka kwa mama yake Kabambare. Freni? Sefu alikuwa amemwahidi kumwazima ile seti. Umekufa, na mchezo wenu bado unaendelea.

Kwa hiyo nitakwenda kwako. Nitaziweka kwenye mkeka plaketi zenye mistari yangu, na zile zilizolika kando yake, na Sefu atasema kwa kinywa chake mwenyewe. Watu watanena kwamba mzee anajisafisha kwa kumchafua maiti. Wanene. Nilitamani kukusitiri, lakini siwezi kukusitiri kwa uhai wa mkeo.

Kwaheri, Ramazani. Mungu akurehemu mapema. Mimi kukusamehe nitachelewa kidogo. Lakini nakuahidi: mke wako hatapanda gari lile kabla sijalifungua kwa mikono yangu, tena siku ambayo sitamtajia mtu yeyote, lisije likavishwa koti la kuazima.

Fundi wako,
Kalonda