Usizikoroge Fiwi

Nadine,

Nimetangulia kanisani kupanga meza. Fiwi ziko jikoni, moto mdogo kabisa. Usizikoroge kwa kijiko, ni maharage laini, zitapasuka. Shika masikio ya sufuria uitikise tu. Chumvi ~~weka kidogo~~ usiweke, nyama ya moshi bado inatoa yake. Mkate wa mahindi uoke kwenye kikaango cha chuma, na mumeo Royce asiuguse mpaka ibada iishe. Nimemzaa, namjua.

Sasa, ya asubuhi. Nilipofunua sufuria nikakuta shingo za bata mzinga za moshi badala ya kongoro la nguruwe, nilikuuliza nani kakutuma kugusa sufuria yangu. Ukaenda kuanika nguo. Ulipotoka nikaonja mchuzi ili nipate la kukusema zaidi. Nikakosa. Nikaonja tena, na tena, kwa hiyo usishangae umepungua.

Kumbe daktari aliponikataza nguruwe wewe ulisikia, mimi nikajifanya kiziwi. Na fiwi zote umezimenya peke yako kwa kuwa vidole vyangu havikunjiki tena, wala hukunitangazia. Asante, mwanangu.

Tangu niolewe hapa Eufaula, fiwi za chakula cha kanisa zimetoka kwenye jiko langu. Leo kina mama watauliza. Nitawaambia ~~nimepika mimi~~ ~~tumepika wote~~ kapika mkwe wangu. Sufuria uibebe mwenyewe, uingie nayo mlango wa mbele wakuone. Royce abebe mkate.

Mama mkwe wako