Sera ya Picha na Sikio la Mtamba

Jumatatu, 3 Juni

Bei za soko la Vugiri zimeingia kabla ya chai. Kabichi, karoti, maharage. Tangu soko liwe huria kila mnunuzi anapanda mlimani na bei yake, ndiyo maana tovuti yetu ina kazi. Nimeweka picha ya kabichi zilizopangwa kando ya barabara. Ikatoka imekatwa, imebaki kabichi moja na nusu ya gunia. Nikairudia. Ikakatwa vilevile. Mkasi uko wapi? Bwana Semhando, mkuu wetu hapa Korogwe na ndiye aliyeijenga tovuti, nilipomwuliza kasema niache. Siwezi kuacha. Ndivyo nilivyozaliwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimeuona mkasi! Kumbe hauko kwenye picha wala kwenye ukurasa. Kila ukurasa unazaliwa na kiolezo, ukurasa wa mfano uliokwisha kupangwa, na kiolezo kina sera yake: kipande cha picha kifanye hivi, cha jedwali kifanye vile, kingine kisiruhusiwe kabisa. Sisi tunaojaza kurasa hatuna la kusema. Sera ya picha ilikuwa: kata, bakiza katikati. Nimeiondoa. Kabichi zote zikajitokeza, hadi mama muuzaji na tabasamu lake. Mchana nimekula ugali nikicheka peke yangu. Semhando yuko Tanga. Sikumwambia.

Alhamisi, 6 Juni

Rehema kapiga simu kutoka Kwaluguru. Ndiye anayejaza ukurasa wa mifugo iliyookotwa kwenye tovuti yetu, kisha anauchapa na kuubandika mnadani. Mzee Mhina, mkulima wa huko, alikuta mtamba mwekundu kwenye mahindi yake. Akamfungia zizini, akaomba mwenyewe atafutwe. Jana Rehema kauchapa ukurasa bila kuutazama vizuri. Picha imetoka nzima: ng'ombe kuanzia pua hadi mkia, na sikio la kulia na mikato yake miwili.

Kwa desturi aliyeokota hutaja rangi tu. Alama za sikio anazinyamazia, mwenye mali aje azitaje mwenyewe. Leo wamefika wanaume wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wametaja mikato miwili.

Mimi sikugusa Kwaluguru. Nimegusa Vugiri tu. Imekuwaje?

Ijumaa, 7 Juni

Nimeelewa, na natamani nisingeelewa. Violezo ni viwili, cha bei na cha mifugo, sera ni moja. Vyote vinachota humo humo. Semhando aliuweka ule mkasi kwa ajili ya ng'ombe, libaki tumbo na rangi yake. Kabichi ziliponzwa tu. Hakumweleza mtu. Leo kanifokea: "Kiherehere chako kitatuponza!" Nami nimekasirika. Kuuliza si ujinga, na mimi niliuliza. Angenijibu.

Mchana Rehema kapiga tena. Amefika wa tatu, Mama Nasieku, mjane wa jamii ya wafugaji, ametembea tangu alfajiri. Naye ametaja mikato miwili. Ni mtamba wake wa pekee, na ana mimba. Nani atamwamini sasa? Wazee watasikiliza shauri Jumapili. Naona aibu. Naogopa pia.

Jumamosi, 8 Juni

Nimetenganisha sera. Vugiri yake, Kwaluguru yake. Kwenye mifugo iliyookotwa nimezuia kipande cha picha kabisa. Rehema akitaka kukiongeza, hata kwenye machaguo hakionekani. Rangi, mahali, jina la aliyeokota. Basi. Nimejaribu kwa ng'ombe wa kubuni. Imekubali.

Lakini karatasi ilishaonekana. Nimeitazama ile picha asubuhi nzima. Inasema nini? Isichosema ni nini? Imepigwa kutoka upande wa kulia. Sikio la kushoto limefichwa na kichwa. Nikampigia Rehema, amwulize Mzee Mhina kama kushoto nako kuna kitu. Jibu la mzee: "Kipo. Mwambie asiulize zaidi." Nimecheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda Kwaluguru mwenyewe. Shikamoo nyingi, macho mengi. Mtamba alikuwa bado kafungiwa, hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Wazee wakauliza habari za sikio la kushoto. Wa kwanza kasema mikato miwili, kama kulia. Wa pili kasema halina kitu. Mama Nasieku akawatazama wale wawili.

"Hapa sisemi," akasema. "Hawa wakisikia, kesho watakuja tena na alama yangu. Nitamwambia mzee peke yake."

Watu wakaguna. Mimi ndiyo kwanza nikaona: kumbe kuthibitisha mali yake hadharani kungemaliza siri ya alama yake, kesho abaki mikono mitupu. Mzee Mhina akainama, mama akamnong'oneza. Mzee akaenda zizini. Akarudi akimvuta mtamba kwa kamba, kamfunika kichwa kwa kanga ya mkewe.

"Chukua mali yako, mama."

Wale wawili hawakuaga.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua kidogo. Semhando kaniuliza, kwa upole safari hii, kushoto palikuwa na nini. Sijui. Jana nilimsindikiza Mama Nasieku hadi njia panda, mtamba katikati yetu. Upepo ukainua ncha ya kanga. Nikageuza uso.