Jina Nililompachika Kaka Yangu

Jumamosi, mtaani Galbet. Joto la leo halina adabu, na moyo wangu ni mzito.

Kwetu mtu huitwa kwa alama ya mwili wake. Ukiita Mohamed mtaani, wanageuka watu kumi. Ukiita Jicho, anageuka mwenye duka peke yake. Ndivyo nilivyolelewa, na sikumwona mtu akinuna.

Kaka yangu Yusuf anachechemea tangu augue polio utotoni. Nilikuwa na miaka saba nilipomwita Langare, yaani kiwete, na jina likamganda. Hata marehemu mama alilitumia. Nakiri, nilikuwa nikijivunia kwamba ni mimi niliyempachika.

Leo asubuhi alikuwa akipita na binti yake Hodan na wasichana wawili wanaosoma naye sekondari. Nikapaza sauti kutoka mlangoni: "Langare! Njoo unywe chai!"

Wale wawili wakaficha vicheko kwa shungi zao. Hodan hakucheka.

Alinifuata jikoni peke yake. "Eeddo," akasema, maana mimi ni shangazi yake, "tafadhali usimwite Aabe hivyo. Shuleni kwetu ukimwita mtu hivyo unapelekwa ofisini."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia watoto wa siku hizi ni mayai, ukiwagusa wanapasuka, na kwamba huyo Aabe, baba yake mwenyewe, hucheka. Ulimi hauna mfupa.

"Hucheka akiwa kwako," akasema. "Nyumbani hacheki."



Wasichana walipoondoka, nilikaa na Yusuf nikamuuliza kama jina lile linamuuma. Alikoroga chai muda mrefu, ingawa sukari ilishayeyuka.

"Abaayo, dada yangu, ningenuna mngecheza bila mimi," akasema. "Nami nilitaka kucheza."

Wallahi, nimeona aibu. Zaidi ya miaka thelathini nilidhani tunacheka pamoja.

Alipotoka, alisahau simu yake kwenye mkeka. Nikamwita kutoka mlangoni: "Yusuf!" Akaendelea na njia yake. Nikaita tena, kwa nguvu. Hakugeuka. Jina lake hajazoea kulisikia kinywani mwangu.

Lile jingine lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Angegeuka mara moja, na angecheka.

Nikalimeza. Nikamkimbilia barabarani, simu mkononi, mpaka nikamshika bega.

Kesho nitamwita Yusuf tena. Nitamwita mpaka azoee kulisikia kwa sauti yangu.