Rehema Ndiye Aliyeuona Uvimbe

Jumamosi, 2 Agosti
Dukani tangu asubuhi. Vitenge vipya vimefika, mume wangu Said kaniachia nivipange peke yangu. Nasra, binti wa Said, yuko Magomeni kwa mama yake mzazi, Rehema, kama kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Miaka sita namlea mimi, tangu ana miwili. Rehema anampata siku mbili tu, na mtoto akirudi anamsimulia wiki nzima. Mama kanisuka. Mama kanipikia. Mimi ni Ma'mdogo.

Jumapili, 3 Agosti
Rehema kapiga simu. Uso wa Nasra umevimba, mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Mimi ninayemwona kila siku nilidhani kanenepa. Nilifurahi, hata. Yule wa mara moja kwa mwezi ndiye aliyeona. Nimechukia. Sijui nimemchukia nani.

Jumatatu, 4 Agosti
Kalazwa. Daktari katoka na karatasi. "Mama Nasra yupi?" Tukajibu "Mimi" wote wawili. Said akatazama sakafu.
Figo zimevimba. Bakteria walimshambulia koo kwanza, sasa kinga ya mwili wake wenyewe ndiyo inayoumiza figo. Kauliza kama mtoto aliwahi kuumwa koo. Rehema hakujua. Nikajibu haraka, kwa raha ya kujua asichokijua: ndiyo, wiki tatu zilizopita, nilimpa dawa.
"Alimaliza dozi?"
Nikasema alimaliza.
Uongo. Siku ya tatu alikuwa anaruka kamba, nikaziacha.

Jumatano, 6 Agosti
Presha yake iko juu. Chumvi marufuku. Nimempelekea wali na mchuzi usio na chumvi, kausukuma. Uji wa Rehema kaumaliza. Nimeenda kuosha vyombo bombani nikalia. Si kwa huruma. Kwa wivu.

Alhamisi, 7 Agosti
Damu ya pua asubuhi. Haikukatika upesi. Vipimo: chembe sahani zimeshuka, zile zinazogandisha damu. Daktari anadhani zinanasa na kuisha kwenye vichujio vidogo vya figo vilivyovimba. Ila kushuka hivi si kawaida kwa ugonjwa huu, na zipo dawa zinazozishusha pia. Akataka kujua kila kidonge alichomeza mtoto, na kwa siku ngapi.
Nilisubiri Rehema atoke. Hakutoka, kamshika Nasra mkono. Basi nikasema mbele yake. Kwamba dawa za koo nilizikatisha. Kwamba nilidanganya. Pakiti ninayo nyumbani, vidonge vingine vimo.
Nikangoja matusi.
"Salma," akasema, "mimi hata koo sikujua."
Basi. Afadhali angenitukana.
Daktari kasema hata dozi kamili huenda isingezuia. Nimesikia. Haijanisaidia.

Ijumaa, 8 Agosti
Said kaleta pakiti. Daktari kaisoma, kasema dawa hiyo haiwezi kuwa sababu, iliachwa zamani mno. Wamepima tena. Chembe sahani hazijapanda. Mimi na Rehema tumekaa kitandani, kila mmoja upande wake. Nasra akifumbua macho anatazama kwanza upande ule. Mtoto anaumwa hivi na mimi nahesabu anamtazama nani. Nimejionea aibu, nikaendelea kuhesabu.

Jumapili, 10 Agosti
Zimepanda! Mkojo nao unatakata. Nasra kaomba chipsi. Said kalia mbele ya manesi. Rehema kanishika bega na sikuutoa mkono wake.

Jumatano, 13 Agosti
Karuhusiwa. Apumzike, apimwe presha kila siku. Rehema anakaa hatua chache kutoka zahanati. Sisi tuko ghorofa ya nne Mchafukoge, lifti mbovu, na mchana kutwa tuko dukani. Nasra atakaa kwake mwezi mzima. Mimi ndiye niliyetamka, kabla Said hajafungua mdomo. Nguo zake nimezikunja mwenyewe.
Magharibi Rehema kapiga. Mtoto anagoma kulala, mimi huwa namfanyaje? Nikamwambia: mkune mgongo, polepole, kuanzia mabegani. Usiache mpaka uone mdomo umelegea.
Kanishukuru. Nimeinjika chai, nimekaa jikoni.