Injini Iliyoanza kwa Kusaga Mahindi

Okoth, nyakwara, mjukuu wangu,

Huku Kosele tuko salama. Mvua imenyesha, mama yako anapalilia njugu, na goti langu bado linanung'unika.

Umeuliza kwa nini injini ya gari lako la mashindano mpya hupasuka kila ukiikanyaga mafuta kwa nguvu. Fundi alikuwa babu yako, si mimi. Tulipokuwa vijana, yeye na rafiki yake Ouma waliunda upya injini za pikapu zao ili washindane kwenye barabara ya Mbita. Ouma aliikanyaga yake mbio siku ileile ilipokamilika. Babu yako aliiunganisha yake kwa mkanda na kinu changu cha kusagia unga, ikasaga mahindi ya watu polepole, huku akibadilisha oili. Soko zima lilimcheka.

"Hivi vyuma vipya havijajuana bado, lazima visuguane taratibu kwanza," aliniambia.

Vilipozoeana, ndipo akaitia kwenye pikapu. Siku ya mashindano Ouma alishinda, sikufichi. Lakini jioni tulimvuta kwa kamba nyuma ya pikapu yetu hadi nyumbani, injini yake imekufa.

Injini yetu ilirudi kinuni baadaye. Mama yako alikua kwa uji wa unga wake.

Ukija, njoo ukiliendesha hilo gari lako, polepole.

Dani, bibi yako